"Win, hao si kunguru": kisa cha mbweha wa Winslow Homer

Elbridge Oliver hakuwa msanii. Alikuwa stesheni masta wa Scarborough, kituo cha reli katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Majira ya baridi ya 1893 rafiki yake Winslow Homer alimwonyesha picha aliyokuwa akiimalizia: mbweha kwenye theluji, kunguru juu yake. Oliver akaitazama, kisha, kama inavyosimuliwa hadi leo, akasema, "Win, hao si kunguru."

Homer hakuwa mwanafunzi wa kusahihishwa daftari. Alizaliwa Boston mwaka 1836. Aliwachora askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kwa ajili ya jarida la Harper's Weekly, akaishi na wavuvi wa Cullercoats, Uingereza, mwaka 1881 na 1882, na tangu 1883 alikuwa amehamia Prouts Neck, huko huko Scarborough, rasi ya mawe inayopigwa na Atlantiki mchana na usiku. Studio yake ilikuwa banda la magari ya farasi lililogeuzwa nyumba. Mtu wa hadhi hiyo angeweza kumshukuru mgeni kwa maoni yake, akamsindikiza mlangoni na kurudi kwenye brashi. Homer aliwafuta wale kunguru.

Nimekirudia kisa hiki mara nyingi kwa sababu kazi yangu ni hiyo hiyo. Nachora wanyama, na wateja karibu wote huagiza kitu kimoja: simba na pundamilia, chui na swala, damu ikiwezekana. Tunadhani meno na damu ndivyo vinavyoonyesha nani anamla nani. Mimi nimekuja kuamini kwamba kinachotangulia yote ni uzito: nani amebebwa na mahali alipo, na nani anazamishwa. Sijui picha inayoonyesha jambo hilo waziwazi kama hii ya Homer.

Tuitazame kwanza. Ni rangi ya mafuta kwenye turubai, sentimita 96.5 kwa 174, karibu urefu wa mtu mzima aliyelala, na inatajwa kuwa kubwa kuliko zote alizochora. Sehemu kubwa ya turubai ni theluji tupu. Katikati ya weupe huo kuna mbweha, na miguu yake imezama. Matunda mekundu madogo yamechomoza kwenye vijiti vikavu. Nyuma kuna bahari ya kijivu na wimbi linalopasuka kwenye mwamba. Na juu, wakiwa wameshuka hadi karibu na mgongo wake, kuna kunguru wawili wakubwa waliotanua mabawa meusi, na wengine wanakuja kutoka mbali. Hakuna tone la damu. Hakuna aliyemgusa mwenzake bado.

Nasema mbweha kwa kuwa neno jingine hatuna. Msomaji asimfikirie bweha wa Serengeti mwenye miguu mirefu, mkimbiaji wa nyika. Huyu ni yule mwekundu wa nchi za baridi, mwenye mkia mnene na manyoya mazito, kilo 4 hadi 7 hivi. Katika ngano za Wazungu yeye ndiye sungura wetu: mjanja asiyeshindwa, mwizi wa kuku, anayewatoka wakubwa kwa akili. Kwa hiyo mtazamaji wa Marekani wa mwaka 1893 alipomwona mbweha amekwama thelujini hakuona mnyama tu, aliona mjanja aliyeishiwa ujanja. Ni kama sisi tungemwona sungura wa hadithi amekaa kimya mbele ya fisi, hana la kusema.

Sasa linganisha uzito. Kunguru wa Marekani ana nusu kilo, pengine pungufu. Mbweha mmoja ni sawa na kunguru kumi au zaidi. Siku ya kawaida, ardhi ikiwa ngumu, kunguru anaweza kumsumbua mbweha kwa kelele na kumdonoa mkia, lakini akichelewa kuruka mara moja tu ameliwa. Hivyo ndivyo ilivyo, na kila mtu wa pwani ya Maine alijua. Alijua pia kwamba katikati ya baridi kali, theluji ikiwa laini na nene na chakula kimefunikwa, kunguru waliokonda kwa njaa huungana wakamwandama mbweha aliyeelemewa. Hawajawa na nguvu kuliko yeye. Ila uzito wake umegeuka adui yake. Kilo zile tano zinazomfanya awe tishio kwenye ardhi ngumu ndizo zinazomzamisha kwenye theluji. Na wepesi unaomfanya kunguru awe mnyonge chini ndio unaomfanya awe bwana juu.

Hapo ndipo naona akili ya mchoraji. Theluji katika picha hii si mandhari ya kujazia nafasi. Yenyewe ndiyo imeamua kesi. Ukiiondoa, mbweha anarudi kuwa mwindaji papo hapo. Wachoraji wengi, na mimi nikiwa mmojawapo kwa miaka kadhaa, tunawachora wanyama wawili kwanza, kisha tunatandaza majani chini yao kama zulia. Homer aliwatumbukiza ndani ya mahali.

Hata jina limebeba jambo hili. Picha inaitwa The Fox Hunt, nasi kwa Kiswahili tungeiita Uwindaji wa Mbweha. Kiunganishi chetu cha "wa" kinaifaa picha hii ajabu, maana hakisemi mbweha ndiye anayewinda au anayewindwa. Ametoka kutafuta chakula, na huko huko amekuwa chakula. Kwa masikio ya Kiingereza jina hilo lilileta pia picha ya mabwana juu ya farasi, mbwa makumi na tarumbeta, ule mchezo wa matajiri wa Uingereza wa kumkimbiza mbweha mashambani. Homer aliondoa farasi, mbwa na mabwana wote. Akabakiza njaa.

Turudi kwa wale kunguru waliokosewa, maana hapa ndipo penye funzo la kazi.

Homer alichora kutokana na miili. Jirani yake mwindaji alimpatia mbweha na kunguru waliokufa. Mbweha alitandikwa juu ya pipa, kunguru wakapachikwa kwenye vichaka, mabawa yakiwa yametegwa ili yakae wazi, vyote nje kwenye baridi iliyovigandisha vikawa vigumu kama ubao. Utaratibu huu haukuwa wa aibu. Miongo mingi kabla yake, John James Audubon, mchoraji wa ndege wa Marekani, aliwafunga ndege aliowaua kwa nyaya kwenye ubao wenye miraba ili awapime sawasawa, na kazi yake inaheshimiwa mpaka leo. Ndege hai hakai akachorwa. Kamera za wakati ule hazikuwa za kubeba mfukoni na kunasa bawa angani.

Lakini baridi ilipolegea, miili nayo ililegea. Mabawa yakaanguka, shingo zikalala, na kunguru wa kwenye turubai wakawa na kitu ambacho Oliver alikiona mara moja bila kuwa na jina la kukiita.

Mimi nitajaribu kukipa jina, kwa kuwa nimewatazama kunguru kwa muda mrefu. Huku kwetu pwani hawakosekani: wale walioletwa Zanzibar miaka ya 1890, muongo ule ule wa picha hii, ili wale taka, na ambao leo wametapakaa Dar es Salaam hadi Mombasa. Nenda soko la samaki asubuhi, mwewe anapokata duara juu ya mabaki. Kunguru wawili watatu wanamtoka nyuma. Mtazame anayekaribia. Bawa lake halijatanuka tu, limebeba mwili. Manyoya marefu ya ncha yamepinda kwenda juu kwa sababu hewa inayasukuma kutoka chini, na yameachana kama vidole vya mkono uliokunjuliwa. Anapotaka kupunguza mwendo, mkia unafunguka kama kipepeo cha ukili, miguu inashuka, na kifua kinainuka. Sasa chukua kunguru aliyekufa, umtanue bawa kwa vijiti. Mfupa umekaa pale pale, urefu ni ule ule, hesabu ya manyoya haijapungua hata moja. Lakini ncha zinaning'inia kwenda chini. Hakuna hewa chini ya bawa. Ndege huyo hata ukimchora angani, anatundikwa, haruki.

Na kama kunguru wametundikwa, mbweha hana cha kuogopa. Picha nzima inaanguka hapo. Hilo ndilo linalonifanya niseme Oliver hakusahihisha kitu kidogo cha pembeni. Kule juu ndiko kulikokuwa na mashtaka yote dhidi ya mbweha, na mashtaka yalikuwa ya uongo.

Basi Homer alikwenda kituoni. Oliver akamwaga mahindi kwenye theluji, kunguru wakaja, na mchoraji akawachora kwa haraka wakishuka, wakigombana, wakiruka. Inasimuliwa kwamba walifanya hivyo kwa siku tatu, na kwamba michoro hiyo aliifanya kwenye karatasi za telegramu za kituo. Napenda kuliwaza jambo hilo: karatasi ndogo, treni inapita, vidole vimekufa ganzi, na mchoraji mkubwa wa Marekani amesimama akingoja ndege ambao watu huwafukuza kwa mawe. Kisha akarudi studio, akapaka kunguru wapya. Oliver aliporidhika, kazi ikawa imekwisha.

Ilikuwaje stesheni masta aone alichokosa mtaalamu? Sababu ni kwamba kunguru kwake hawakuwa mfano wa kuchorwa. Kila siku walikuwa machoni pake, kwenye reli na juu ya paa, wakati wa mvua na wa jua, tangu hajafikiria kuwatazama. Jicho la namna hiyo halijui kueleza, ila linajua kukataa.

Yamenikuta na mimi. Miaka kadhaa iliyopita nilichora simba jike akimwangusha nyati kwenye tope la mto. Nilijivunia picha ile. Nilikuwa nimechukua kichwa kutoka picha moja na mwili kutoka nyingine, na manyoya niliyachora moja moja. Dereva wa watalii aliyekuja kumngojea mgeni wake akasimama mbele yake, mikono nyuma. Akauliza kwa upole, "Mzee, huyu simba ameshakula?" Kisha akaniambia, "Na huyu nyati hajakanyaga tope." Nilitazama. Tumbo la simba lilikuwa la mviringo, maana mwili ule niliutoa kwa simba aliyelala kivulini baada ya karamu. Na kwato za nyati zilikaa juu ya tope safi kabisa, vidole viwili vimebanana, wakati mnyama mzito akijikaza kwenye tope vidole hivyo huachana na tope hupanda katikati yake. Nilikuwa nimechora mapambano ya wanyama wawili wasio na kilo hata moja. Nilimshukuru yule ndugu, nikakwangua miguu yote minne usiku ule ule.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kisa cha kunguru ni hadithi ya kupendeza tu iliyobandikwa kando ya picha. Kwangu ni sehemu ya picha. Kuna njia nyingine, ni kweli: Bruno Liljefors wa Sweden, aliyezaliwa 1860, alifuga wanyama nyumbani kwake, mbweha na sungura na ndege, akawachora wakiwa hai mwaka hadi mwaka, na uwindaji anaouchora una ukweli wa mtu aliyeishi nao. Homer hakuwa na mazizi. Alikuwa na Oliver, rafiki aliyemwamini. Kila njia inahitaji mtu akubali kwamba mnyama anajua jambo ambalo brashi haijui.

Sasa jicho la mtazamaji liko wapi? Hapa napo pana uamuzi mkubwa ambao ni rahisi kuupita. Angeweza kutuweka mbali, tuone mbweha kama doa na kunguru kama vumbi, tukio la kuhesabu. Angeweza kutuweka juu na kunguru, tushuke nao. Ametuweka chini, karibu na theluji, nyuma ya mbweha, kiasi kwamba tunatazama kule anakotazama yeye. Uso wake karibu hatuupati. Kichwa na masikio vimekuwa kivuli cheusi dhidi ya weupe. Mchoraji mwingine angetupa jicho lililojaa hofu, na tungemhurumia mbweha kama tunavyomhurumia mtoto anayelia barabarani, kisha tungeendelea na safari. Bila uso, hatuna wa kumhurumia. Tunabaki na mwili unaosukuma theluji, na mabawa yanayoteremka juu yetu pia.

Hao kunguru wenyewe wanastahili neno moja la Kiswahili. Tunasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na methali inamsifu: anayejua kuogopa huokoa kilicho chake. Wa Homer ni kunguru yule yule mwoga. Utaona kwamba bado hajatua. Anapima. Mabawa yamefunguka kwa namna inayomruhusu kuondoka wakati wowote mbweha akigeuka na kuuma. Ujasiri wao ni wa njaa, na njaa imewapa ujasiri wa kukaribia, haijawapa wa kutua. Kwa hiyo mwisho wa kisa haujulikani. Pengine mbweha atafika kwenye mwamba, miguu ipate pa kushika, na mambo yageuke. Mimi kila ninapoitazama napima umbali kati ya miguu ile na mwamba ule, na sijawahi kupata jibu.

Chini pembeni kuna saini. Herufi za HOMER hazikuandikwa juu ya picha kama muhuri; zimechorwa ndani yake, zimeinama na kuzama thelujini kama miguu ya mbweha. Wapo wanaosoma picha nzima kuwa maisha ya mchoraji mwenyewe, mzee mpweke anayekaribia miaka 60, anayefuatwa na mauti. Kwa kawaida nakwepa usomaji wa aina hiyo, maana unamgeuza mnyama kuwa kinyago cha mtu, na mnyama huyu alitafutwa kwa taabu mno asije akawa kinyago. Lakini saini ile siwezi kuikwepa. Mtu aliyesimama siku tatu akingoja kunguru wa kweli hakuandika jina lake vile kwa bahati.

Mwaka 1894 chuo cha sanaa cha Philadelphia, Pennsylvania Academy of the Fine Arts, kiliinunua. Ilikuwa picha ya kwanza ya Homer kuingia katika mkusanyiko wa makumbusho ya umma, na iko huko hadi leo.

Suala la nani anawinda nani halikumwacha. Mwaka 1891 na 1892 alikuwa amewachora wawindaji wa milima ya Adirondack pamoja na mbwa wao na paa waliouawa, na hapo mtazamaji yuko upande wa mtu mwenye bunduki au kando yake. Mwaka 1893 alituhamishia nyuma ya mbweha. Na mwaka 1909, mwaka mmoja kabla hajafa, alikamilisha Right and Left, kulia na kushoto, yaani mtutu wa kulia na mtutu wa kushoto, lugha ya wawindaji kwa risasi mbili za haraka zinazoangusha ndege wawili. Bata wawili wamejaa turubai, hewani, juu ya bahari ya kijivu, karibu nasi kiasi cha kuhesabu manyoya. Tunaruka nao. Mwanzoni huoni mwindaji yeyote na unadhani ni picha ya bata. Kisha, mbali kule kwenye mawimbi, unaona mashua ndogo, kivuli cha mtu, moshi kidogo, na cheche nyekundu isiyozidi punje ya mtama. Ni lazima usogee karibu sana kuiona cheche hiyo, na ukishaiona, mtutu umekuelekea wewe.